Kusubiri Harufu Igeuke

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi nilikunja mkono wa shati, nikaunyoosha mbele ya uwanja uliojaa watu, nikabonyeza kipulizio cha chupa mara mbili na kuwaomba wasubiri. Saa niliitazama kwenye simu kabla ya kubonyeza, na niliitazama kwa sababu macho yangu yalihitaji pa kwenda. Mbele yangu Bibi Skola, mwenye nyumba niliyopanga, alikuwa amekalishwa juu ya kinu kilichopinduliwa, miguu haifiki chini vizuri, paji la uso limepakwa unga mweupe. Kama ile harufu isingegeuka mkononi mwangu kabla kivuli cha nyumba hakijamfikia, angetangazwa kuwa mchawi. Vijana wawili walikuwa wamesimama kando na dumu la petroli, nao walikuwa wanalisubiri neno hilo tu.

Nimeirudia asubuhi ile kwa sababu mwezi uliopita tumemzika Bibi Skola. Alikufa kitandani mwake, mzee sana, wajukuu wamemzunguka, jambo ambalo nilipokuwa na miaka ishirini na sita sikudhani lingewezekana. Nilisafiri kutoka Mpanda na basi la alfajiri, nikapita Sitalike bado kuna ukungu, nikafika msibani watu wanakunywa chai. Kijiji kiko upande wa Kasansa. Jina lake nitaliacha, kwa kuwa wengi waliokuwa uwanjani siku ile bado wanaishi pale, na baadhi yao tulibeba jeneza pamoja. Chini ya turubai, wanawake wakigawa wali na maharage, alinijia Mama Shija, mpangaji mwenzangu wa wakati ule, Msukuma mpana mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Hakunisalimia. Alinishika kiganja, akakipeleka puani, akavuta pumzi ndefu. "Leo umekuja mtupu," alisema, na waliokuwa karibu wakacheka, hata wale wasiojua wanacheka nini. Nilicheka nao. Kisha niliuficha mkono mfukoni, nao ulikuwa umelowa jasho. Nina miaka arobaini na minne, nina duka langu la vipuri vya mashine, nimejisomea mwenyewe umeme na hesabu za biashara mpaka wenye vyeti hunipigia simu kuuliza, na bado muuzaji wa manukato akinikaribia na kichupa cha kujaribisha narudi nyuma.

Habari za wazazi wangu na za kuishia kwangu darasa la saba hazina kazi hapa. Mwaka ule nilikuwa naendesha mashine ya kukoboa mpunga ya mfanyabiashara mmoja, na nilipanga chumba cha mwisho upande wa kulia katika nyumba ya Bibi Skola. Nyumba ilikuwa ya tofali za kuchoma na bati, vyumba vitano vinavyotazama ukumbi mwembamba, na kuta zake zilikomea usawa wa kenchi. Kati ya ukuta na bati palikuwa wazi. Sauti ilipita, moshi ulipita, harufu ya dagaa wa chumba cha kwanza ililala na mtu wa chumba cha mwisho. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha mninga, kreti la soda nililoligeuza meza, na vitabu kumi na kitu nilivyovipata kwa watu waliohama. Vumbi la pumba lilikaa juu ya kila kitu hata nikifuta mara mbili kwa siku. Chakula nilikula kwa Bibi, tukakijumlisha kwenye kodi: ugali wa mahindi, mlenda, na mgebuka mkavu uliotoka ziwani, aliouchoma kwanza ndipo akauchemsha na nyanya. Nilikuwa na tabia ya kusoma nikila. "Profesa," alikuwa ananiambia, "kitabu hakina mwiba, samaki anao. Weka kitabu." Macho yake yalikuwa mekundu mwaka mzima kwa sababu ya kuni mbichi. Mbali na sisi wapangaji, aliishi peke yake tangu kufiwa na mume, watoto wake wako mbali, na mchana alidarizi mashuka na kuyauza siku ya gulio. Mjane, macho mekundu, hana deni la mtu, na ulimi unaokata. Leo nikiyaweka maneno hayo pamoja naona jinsi alivyokuwa hatarini muda wote. Wakati ule niliona bibi anayepika vizuri.

Chupa ililetwa na rafiki yangu Jofrei, aliyekuwa anafanya kazi ya kutandika vitanda katika mahema ya watalii upande wa mbugani. Mgeni mmoja alipoondoka alimwachia. Ilikuwa chupa nyeusi ya pembe nne ndani ya boksi lake, kifuniko cha mti, na maandishi madogo sana, kama vile aliyeyaandika hakutaka yasomwe. Jofrei alitaka kwenda kuiuza Mpanda lakini aliogopa kuaibika. "Nisikilize, Profesa. Pafyumu nazijua, zinanukia maua, zinanukia pipi. Hii inanuka kama mtu amepika pilau ndani ya karakana ya seremala, halafu karakana ikaungua. Imechacha au ndivyo ilivyo? Nijaribie." Nilitafuta maneno ya kwenye boksi katika kamusi yangu, moja baada ya jingine. Yalisema pilipili manga, karafuu, iliki, mti wa mwerezi, utomvu, moshi, ngozi. Kumbe kuungua kwa karakana kulikuwa kumekusudiwa. Lakini kamusi haikuweza kuniambia kama imechacha, nami nilikuwa mtu wa kutoamini kitu mpaka nikipime.

Nilichofanya nilikiona cha maana kabisa. Nilikata vipande vitatu vidogo, kimoja cha kanga, kimoja cha shati la nailoni, kimoja cha ngozi ya mbuzi, nikavipulizia sawasawa, nione harufu inakaa wapi zaidi na inageukaje. Ili nisivichanganye nilihitaji alama. Wino una harufu yake, karatasi panya wangekula, basi nilimwomba Bibi Skola nyuzi kidogo kutoka kikapu chake cha kudarizia. Nilifunga kanga kwa uzi mwekundu, nailoni kwa mweusi, ngozi kwa mweupe. Nikavitundika juu kwenye kenchi, mbali na panya, na kila nilipotoka kazini nilipanda juu ya kreti nikanusa. Msomaji wa kwetu ameshatikisa kichwa. Mimi, niliyezaliwa na kukulia huku, niliyeona nyekundu, nyeusi na nyeupe zikining'inia milangoni kwa waganga tangu utotoni, sikuona kitu. Niliona pamba, nailoni na ngozi.

Harufu yenyewe ilinifundisha subira. Saa ya kwanza ilikuwa pilipili na karafuu, kali, ya kupigisha chafya. Baadaye iliki ilijitokeza kidogo ikapotea, ukaja mti, mti mkavu uliotoka kupasuliwa sasa hivi kwa msumeno. Mwisho kabisa, baada ya saa nyingi, vilibaki moshi, ngozi na kitu kama ubani wa kanisani wakati watu wameshaondoka. Hicho cha mwisho hakikuondoka tena. Mkononi mwangu nilikuwa nimejaribu mara moja tu, nikanawa mapema kwa sababu nilikuwa naenda mashineni. Mvua zilikuwa zinanyesha, na unyevu ulipoingia kenchini vile vipande vilifufuka upya, harufu ikatembea juu ya kuta ikashuka kwenye kila chumba.

Asubuhi moja nikipiga mswaki nyuma ya nyumba nilimsikia Mama Shija akiongea na mwanamke aliyekuja kuomba moto. "Nakuambia inakuja na mvua. Mvua ikianza tu, inashuka juu, fuuu. Udi. Nimekaa kwenye nyumba za Waislamu, udi naujua. Hapa nani anafukiza udi?" Yule mwingine akamwambia, "Jini hilo. Jini la pwani linapenda wajane." Mama Shija akasema kwa sauti ndogo isiyo yake, "Usilitaje na mimi nimebeba mtoto mgongoni." Nilisimama na povu mdomoni. Ningeweza kuzunguka nyumba nikawaambia ni pafyumu ya Jofrei. Niliona ni umbea wa wanawake, utapita. Nikasukutua nikaenda kazini.

Ng'ombe walikuwa wanakufa mwaka ule, na wenye ng'ombe walichangishana wakaleta lambalamba. Asiyewajua aelewe hivi: ni kundi la vijana wanaotembea kijiji hadi kijiji, wanadai kunusa uchawi na kuufukua. Kila kaya inatoa mchango, na asiyetoa amejitaja. Waliokuja kwetu walikuwa sita. Mkubwa wao waliyemwita Dokta hakunizidi umri. Alivaa koti la suti juu ya kaptula, njuga miguuni, na miwani ya jua ambayo hakuivua hata ndani. Nyuma yao walifuata vijana wetu wenyewe, niliokuwa nawakobolea mpunga, wameshika fimbo na jembe, na nyuso zao zilikuwa ngeni kwangu. Hilo ndilo lililonitisha kwanza. Njuga za Dokta nilizisikia kutoka mbali nikaendelea kunywa uji. Nilipowaona kina nani wamezifuata, niliweka kijiko chini.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Dokta aliingia ukumbini, akasimama, akainua pua kama mbwa aliyesikia jina lake. Sidhani alijifanya. Kilichokuwa kinanukia pale kilimnukia hata yeye. Alipita mlango wa kwanza, wa pili, akafika chumbani kwangu, akapanda juu ya kreti langu, akashuka na vile vipande vitatu vinaning'inia kwenye vidole. Nje aliomba ungo aviweke. Bibi Skola, kwa kuwa uwanja ni wake na ungo ni wake, aliuleta mwenyewe, na mtu mmoja nyuma akasema, "Usafiri huo umefika," wakacheka kicheko kifupi kilichokatika ghafla pale Dokta alipovigeuza vipande na wote wakaona nyuzi. Nyekundu. Nyeusi. Nyeupe.

"Nyuzi za nani hizi?"

Hakuna mtu asiyezijua. Mashuka yale yalikuwa juu ya nusu ya vitanda vya kijiji. "Zangu," alisema Bibi Skola. "Niligawia mpangaji wangu. Nilijua anashona kifungo."

"Kifungo kimoja, rangi tatu?"

"Muulize mwenye kifungo. Mimi si shati."

Wengine walitaka kucheka wakajizuia. Nikajitokeza. Nilisema vipande ni vyangu, nimeviweka mwenyewe, ni pafyumu tu, nilikuwa napima. Na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuyasikia maneno yangu kwa masikio yao. Nilisema nilikata ngozi ya mbuzi. Nilisema nilifunga kila kimoja kwa rangi yake. Nilisema nilikuwa napanda jioni kunusa. Dokta aliniacha nimalize, akageukia watu. "Mmemsikia kijana? Ametumwa. Haelewi hata anachofanya. Mwenye nyuzi ndiye mwenye kazi." Wakamshika Bibi mikono, wakapindua kinu, wakamkalisha. Mmoja aliyempaka unga alikuwa ameoa mjukuu wa kaka yake Bibi. Hapo ndipo nilipokimbilia chumbani, nikatoka na chupa, nikajipulizia kama nilivyosema mwanzo, nikiamini kwamba pua zao zitamaliza kesi.

Waliokuwa karibu walipiga chafya. Dokta alimwita Mama Shija, kwa sababu ndiye aliyepeleka habari ya udi. Alikuja na mtoto mgongoni, akainama mkononi kwangu, akarudi nyuma anajifuta pua. Akanusa vipande. Akanusa mkono tena. Nilimwona anatamani iwe vingine. "Hii inawasha," alisema. "Hii ni karafuu, ni pilipili. Ile ya ndani si hii. Siwezi kudanganya." Uwanja ukaguna. Alikuwa amesema kweli. Chupa ilikuwa inatoa harufu ya saa ya kwanza, na ungo ulikuwa na harufu ya siku ya tisa.

"Itageuka," nilisema. "Inageuka. Mnipe muda, itakuwa ile."

"Mpaka lini?"

"Mchana. Saa nane. Labda saa tisa."

Nadhani Dokta alikubali kwa sababu lilimchekesha, na kwa sababu alikuwa na njaa. Alitazama jua, akatazama nyumba. Kinu kilikuwa upande wa mashariki wa nyumba, kivuli cha nyumba kikiwa bado upande wa pili. "Sawa. Tutakula kwanza. Bibi ana kuku, nimewaona. Kivuli kikimgusa mguu, tunanusa. Ikiwa imegeuka, sawa. Ikiwa haijageuka, mganga hasemi mara mbili." Mmoja wa vijana wa dumu akalitikisa kidogo, kusikiliza limebaki kiasi gani.

Saa zile sizikumbuki kwa mpangilio, nami ni mtu wa mpangilio. Nakumbuka nimesimama katikati ya uwanja, mkono nimeunyoosha mbali na mwili kama mtu aliyeungua. Niliogopa jasho lingeiosha harufu, niliogopa jua lingeikausha kabla haijafika mwisho wake, niliogopa kwamba kile nilichokinusa juu kenchini hakikuwa pafyumu pekee bali pafyumu na moshi wa jiko na vumbi la pumba, na kwamba ngozi yangu haingeweza kamwe kukitoa. Nilikuwa nimepima vitambaa. Ngozi ya mtu hai sikuwa nimeipima. Nilijua pengo hilo mimi peke yangu. Lambalamba walikula kuku wa Bibi kwa mikono, wakisifu mchuzi uliopikwa na mabinti wa jirani kwa chumvi ya Bibi, ndani ya sufuria ya Bibi, hatua chache kutoka alipokaa. Yeye hakuwatazama. Mara moja tu alisema, kwa sauti ile ile ya kunikataza kitabu, "Profesa, usijifute jasho na mkono huo." Nilikuwa nakaribia kufanya hivyo.

Mama Shija alikuja kila baada ya muda. Alikuwa amemletea Bibi maji, kijana mmoja akamzuia, naye akamwambia, "Nipige basi, na mtoto huyu mgongoni, mama yako akuone," akapita. Kisha alinijia mimi. Mara ya kwanza alisema bado karafuu. Mara ya pili alisema karafuu imepungua, kuna mbao. "Mbao gani?" nikauliza. "Mbao! Mbao ni mbao. Kama kitanda kipya." Nilitaka kumkumbatia. Akaninong'oneza, "Deusi, igeuze haraka."

"Haigeuzwi, Mama Shija. Inageuka yenyewe."

"Mimi ndiye nilisema udi," alisema. "Nilisema tu. Niliogopea mtoto." Akaondoka.

Karibu na saa saba nilinusa mkono wangu nikakuta hakuna kitu. Hakuna mbao, hakuna moshi, hakuna chochote, ngozi tu na chumvi. Nikanusa tena, nikasugua kidogo, nikanusa. Hakuna. Leo naelewa kwamba pua huchoka, kwamba nilikuwa nimeivuta harufu ile asubuhi nzima mpaka nikaacha kuisikia, kama nilivyoacha kusikia mngurumo wa mashine nilipoizoea. Hata siku ile nilijiambia hivyo. Lakini kujiambia na kuamini ni vitu viwili, na mwili wangu haukuamini. Mkojo ulinitoka kidogo. Nilibana miguu nikashukuru kwamba suruali ilikuwa ya rangi nzito. Nilimtazama Bibi Skola, na nadhani aliliona usoni kwangu, kwa sababu alifumba macho na kuanza kusali Salamu Maria kwa midomo bila sauti.

Kivuli kilipita mlangoni, kikashuka ngazi za saruji, kikatambaa. Watu waliokuwa wamekwenda majumbani walirudi bila kuitwa. Kilipogusa kisigino cha Bibi, yeye mwenyewe aliuvuta mguu, kwa hofu tu, kama mtu anayekwepa maji, na Dokta akacheka akainuka anajilamba vidole. Mama Shija aliitwa. Safari hii hakuanza na mkono wangu. Alitoka uwanjani akaenda mpaka barabarani, akasimama kule, akavuta hewa, akanusa kitambaa cha mtoto wake. Hakuna aliyemfundisha hilo. Akarudi akainamia ungo. Akaja kwangu. Akafumba macho. Pumzi yake niliihisi kwenye vinyweleo vya mkono.

"Ni moja," alisema.

"Sema vizuri."

"Nimesema ni moja! Njoo unuse mwenyewe, au pua umeiacha kwenye kuku?"

Dokta alikuja. Kwa mara ya kwanza alivua miwani, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyechoka, aliyekosa usingizi siku nyingi. Alinusa ungo, akanusa mkono wangu, akaushika, akanusa tena taratibu, na nilijua kwamba anajua. Mzee mmoja mwenye ng'ombe, kati ya waliochanga fedha nyingi, alimsukuma kwa bega akanusa naye. "Ni moja," alisema mzee. Baada ya hapo wakaja wote. Walipanga mstari kunusa mkono wangu. Mmoja alisema nanukia kama marehemu tajiri. Mwingine aliniuliza inauzwaje. Wale wa dumu nao walinusa.

Lakini lambalamba haondoki mikono mitupu. Dokta alivaa miwani yake, akatangaza kwamba jini lilikuwa ndani ya chupa, kwamba limeingia nyumbani bila bibi kujua, kwamba ataondoka nalo, na kwamba kusafisha nyumba ni elfu themanini. Bibi Skola alikuwa ameshateremka kwenye kinu, amekishikilia ili asianguke, unga umechanganyika na jasho mpaka kwenye nyusi.

"Themanini? Kwa kunusa mkono wa kijana?"

"Bibi, shukuru."

"Nashukuru. Kuku umekula wangapi?"

"Wawili."

"Kuku wawili ni elfu ishirini. Kwa hiyo sitini."

Alilipa kutoka fedha alizoweka kununua bati mpya za jikoni. Mimi sikuwa na kitu. Tajiri wa mashine alikuwa analipa mwisho wa mwezi. Dokta akaitia chupa mfuko wa koti, njuga zikaanza tena, na wote wakamfuata kuelekea bondeni, kwa mzee mmoja mfuga njiwa aliyeishi peke yake. Kule hakukuwa na chupa. Jioni tuliona moshi, mwingi, mweusi chini na mweupe juu. Mama Shija aliingiza watoto ndani akafunga mlango. Mzee yule alisikika baadaye kuwa upande wa Ugalla kwa watu wa asali, hai, na sikumwona tena.

Jofrei alipopata habari aliniuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo haikuwa imechacha?"

Siku ya pili nilifunga vitabu vyangu kwa kamba. Nilitaka kuhamia Mpanda wiki ileile. Usiku wote nilikuwa nimesikia njuga ambazo hazikuwepo, na asubuhi kila kijana aliyeniletea mpunga nilimtazama mikono kwanza. Nilimwambia Bibi Skola kwamba sitini ni deni langu, na kwamba mshahara ukitoka nitampa ishirini, nyingine nitamtumia kutoka mjini. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Sitaki ishirini," alisema. "Nataka elfu tano kwa mwezi, mkononi mwangu, hapa. Kutumiwa sitaki." Nilimwambia hiyo itachukua mwaka mzima. "Hesabu unaijua," alisema.

Niliona ananiadhibu, na nikaona nimestahili, nikabaki. Msimu wa mavuno nilipokuwa na fedha nilimpelekea elfu thelathini kwa mara moja. Alitoa noti moja, nyingine akanirudishia kana kwamba zina matope. Jioni alinitaka nile nje ya mlango wa mbele, mahali wapita njia wananiona. Alinituma dukani kwa vitu ambavyo alikuwa navyo. Watu walianza kuniita mjukuu wa Skola. Akiwa na mgeni aliniita nije nisalimie, hata nikiwa naoga. Na kila mvua ilipoanza, kabla hata matone hayajasikika vizuri kwenye bati, nilisikia miguu yake ukumbini, ikija mpaka mlangoni kwangu, ikisimama. Hakugonga. Alinusa, akarudi. Mimi nami nilikuwa macho, mkono wangu puani.

Mwezi wa mwisho nilimpa noti ya elfu tano akiwa anaanika mashuka yake. Aliikunja mara nne, akaifunga kwenye ncha ya kanga, akalishika fundo kwa muda.

"Basi," alisema. "Sasa nenda huko mjini kwako. Wameshazoea kwamba hapa pana mtu."

Zote pamoja zilikuwa shilingi elfu sitini.